Ini Lako Halihitaji Kuongezewa Kinga

Nitasema mapema ili wa kukasirika akasirike mapema: hizo chupa za "ditoksi ya ini" mnazouziana kwenye simu hazisafishi ini la mtu yeyote. Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Watu wamekunywa maji ya limau na tangawizi miaka yote na hakuna matanga yaliyotokea. Kinachonisumbua ni ile sentensi ya pili kwenye lebo, ile ya "huongeza kinga ya ini". Hiyo ndiyo inauza. Na hiyo ndiyo inaonyesha kwamba anayeuza hajawahi kukaa chini akauliza kinga ya ini ni kitu gani.

Nimeziona chupa hizo Kitengela, nimeziona Kajiado mjini, na sai zimefika huku kwetu Loitokitok, zinakuja na matatu za Emali zikiwa kwenye katoni kama vifaranga. Elfu moja mia tano, chupa moja. Wanaozitangaza ni watu wa rika langu. Wengine tunajuana, wengine wananizidi wafuasi mara kumi. Sina wivu. Sawa, nina wivu kidogo wa hizo pesa, lakini hayo si ya leo.

Na kabla hamjaniuliza nimesomea wapi udaktari: chuo niliacha, hilo mnalijua, sijawahi kulificha. Ila makala za utafiti haziulizi digrii mlangoni. Nyingi ziko wazi kwenye intaneti, bure, ukiwa na bando na subira. Unasoma polepole, ukikwama unauliza mwenye kujua.

Twende sasa. Damu inayoingia kwenye ini, kama robo tatu yake, inatoka tumboni na kwenye utumbo. Inapita kwenye ini kwanza kabla ya kuzunguka kwingine, na inakuja na kila kitu ulichokula na kunywa: sukari, mafuta, dawa, pombe, sumu, pamoja na vipande vya bakteria waliopenya ukuta wa utumbo. Ndani ya vijia vya damu vya ini kuna seli zimejishikiza ukutani zikingoja hivyo vipande vipite ili zivimeze. Zinaitwa seli za Kupffer, kwa jina la Karl Wilhelm von Kupffer, Mjerumani aliyeziona mwaka 1876 akaziita seli za nyota kwa vile zilivyokaa. (Kazi yake hasa hakuielewa yeye mwenyewe. Ilibidi Browicz, wa Krakow kule Poland, aje kueleza mwaka 1898 kwamba hizi ni seli zinazomeza vitu. Lakini jina likabaki la yule wa kwanza, kama kawaida ya dunia.)

Seli za Kupffer ni za kinga. Ni aina ya makrofaji, yaani zile seli zinazokula uchafu na wadudu wa magonjwa. Na sikiza hii: ukihesabu makrofaji zote mwilini ambazo zimetulia mahali pamoja, asilimia 80 au zaidi ziko kwenye ini. Hakuna kiungo chenye walinzi hao wengi namna hiyo. Kwa hivyo mtu akikuambia anakuuzia kinga ya ini, ni kama amekuja Amboseli wakati wa kiangazi anakuuzia vumbi.

Hapo mtu atasema, sawa, lakini kuongeza kidogo kuna ubaya gani? Ubaya upo, na ndiyo sababu naandika.

Wale mnaolima Kimana na Namelok mnajua ndovu akiingia shambani usiku kinachotokea. Anavunja ua, anaingia kwenye nyanya, anakula anachokula. Mwenye shamba anapiga kelele. Majirani wanatoka na tochi, mabati, mbwa, vijana wanakimbia huku na huku. Ndovu anaondoka. Asubuhi ukitembea kwenye mistari yako hujui ni mche upi umekanyagwa na ndovu na upi umekanyagwa na watu waliokuja kukuokoa. Na watu hao hao, jua likichomoza, ndio wanaokusaidia kusimamisha ua tena.

Ini likiumizwa na kemikali, mambo huenda karibu hivyo hivyo.

Chukua parasetamoli, juu kila nyumba inayo. Kiasi kidogo ini linakishughulikia bila shida. Sehemu yake hugeuzwa na vimeng'enya vya ini kuwa kitu kikali chenye sumu, na kuna kinga ya ndani inaitwa glutathioni ambayo hukikamata na kukituliza papo hapo. Ukizidisha, glutathioni inaisha. Ile sumu inaanza kushika sehemu za seli zenyewe, mitambo ya nguvu ndani ya seli inaharibika, seli za ini zinapasuka na kumwaga vilivyokuwa ndani. Huyo ndiye ndovu.

Sasa kelele. Vitu vilivyomwagwa na seli zilizopasuka ndivyo seli za Kupffer huvisikia kama king'ora. Zinatoa kemikali za kuita wenzao, mojawapo inaitwa TNF. Wanakuja nyutrofili kutoka kwenye damu, wanakuja na makrofaji wengine wageni. Na hao wakifika wakiwa na hasira, silaha wanazotumia hazichagui. Zinaweza kuumiza hata seli za ini ambazo parasetamoli haikuzigusa.

Wanasayansi waligundua hili kwa njia rahisi ukifikiria: walizima walinzi wakaangalia. Mwaka 1995 watafiti Marekani waliwapa panya dawa za kulaza makrofaji, kisha wakawapa parasetamoli nyingi. Ini liliumia kidogo sana kuliko lilivyotarajiwa. Kwa hivyo watu wakasema, hao walinzi ndio wabaya.

Halafu mwaka 2002 kundi lingine likafanya jaribio karibu sawa, lakini kwa njia ya kuziua kabisa seli za Kupffer badala ya kuzilaza. Ini likaumia zaidi. Zaidi! Ikaonekana kwamba seli hizo hizo hutoa pia kemikali za kutuliza vita, na zikikosekana hakuna wa kuambia watu warudi nyumbani. Na kuna lingine: ini hujirudisha. Ukimkata panya theluthi mbili ya ini lake, hujijaza tena kwa siku chache, jambo linalojulikana tangu 1931, na miongoni mwa wanaotoa ishara ya kuanza kujenga ni hao hao makrofaji.

Seli ile ile. Saa fulani inaongeza moto, saa nyingine inazima, baadaye inafagia na kujenga. Bado wanabishana ni lini inafanya lipi, na mabishano hayo yamejaa majarida ya watu waliovaa makoti meupe miaka thelathini. Sasa nawe unakuja na chupa ya kijani ukisema "inaongeza kinga". Unaongeza upande gani, bana? Wa kuchoma au wa kujenga? Siku ya kwanza au ya nne? Kwa mtu mwenye ini zima au kwa mtu ambaye ini lake tayari limejaa majeshi? Ukikosa jibu la hayo, basi heri chupa yako isiwe na kitu ndani. Na nadhani nyingi hazina. Hiyo ndiyo bahati ya wateja.

Nikiwa bado kwenye parasetamoli, mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na mwenye shida ya ini au mnywaji aulize daktari juu yake ni chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hivyo unaweza kuzidisha bila kujua ukimeza hii na ile. Tena ina ujanja wake: siku ya kwanza mtu anaweza kutapika kidogo tu au asihisi chochote, akadhani imepita, na ini likaharibika siku ya tatu au ya nne. Kuna dawa ya kuizuia, asetilisisteini, ambayo hulirudishia ini ile glutathioni, na inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hivyo mtu akizidisha, kwa sababu yoyote ile, ni hospitali saa hiyo hiyo. Hakuna kungoja dalili.

Pombe nayo. Nitapita haraka juu hii hotuba mmeisikia kanisani. Lakini kuna kitu hawakuwaambia kanisani. Pombe inalegeza ukuta wa utumbo, vipande vya bakteria vinapita kwa wingi, na vinaenda moja kwa moja kugonga seli za Kupffer. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walilisha panya pombe kwa wiki nyingi huku wamezilaza seli za Kupffer, mwaka 1994, na madhara ya mwanzo ya ini yakazuiliwa. Mwaka uliofuata wakawapa panya wengine antibiotiki za kupunguza bakteria wa utumbo, pombe ikabaki ile ile. Ini likaumia kidogo. Fikiria hiyo. Sehemu kubwa ya kile tunachoita "pombe imekula ini" ni kinga ya mtu mwenyewe ikipigana na wadudu wa tumbo lake mwenyewe. (Usiende kununua antibiotiki ati sasa unaweza kunywa. Nawajua.)

Sasa tufike nyumbani kabisa. Mahindi.

Sisi hapa tumepakana na Makueni. Ukishuka Emali uko Makueni. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, na visa vingine Machakos na Thika, watu walianza kuugua: macho manjano, tumbo kujaa, kutapika. Kufikia katikati ya Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikufa. Yaani katika kila watano, karibu wawili. Ini lilikuwa limekufa. Haikuwa chang'aa wala homa. Ilikuwa ugali. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, kuvu ikaota, na kuvu hiyo hutengeneza sumu inayoitwa aflatoksini.

Watafiti walipozunguka masoko ya huko mwaka huo, zaidi ya nusu ya mahindi waliyopima, asilimia 55, yalipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa bilioni. Asilimia 7 yalipita sehemu 1,000. Na haikuwa mara ya kwanza: 1981 huko huko Ukambani, Machakos, wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafa, sumu ikiwa ni hiyo hiyo. Ni miaka 23 kati ya hivyo visa viwili, na somo lilikuwa limeandikwa.

Aflatoksini hufanya kazi kama binamu wa ile hadithi ya parasetamoli. Yenyewe ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini huigeuza kuwa kitu kikali zaidi ambacho hushika protini na vinasaba vya seli. Kwa wingi inaua ini kwa wiki chache. Kidogo kidogo kwa miaka inaleta saratani ya ini. Lakini mbona watu wawili wanakula sufuria moja, mmoja anakufa mwingine anapona?

Sehemu ya jibu ni kiasi alichokula kila mmoja. Sehemu nyingine, naona, iko kwa wale walinzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State mwaka 2000 walimpa panya aflatoksini kidogo, kiasi ambacho peke yake hakikufanya makubwa. Wakampa panya mwingine kipande cha bakteria, kile kinachoamsha kinga, kidogo vilevile, hakikufanya kitu. Kisha wakawapa wengine vyote viwili. Ini likaharibika vibaya. Walipopunguza nyutrofili, sehemu ya uharibifu huo ikapungua. Ni panya, si watu wa Kitui, nalisema wazi. Lakini ni jibu zuri kwa yule anayeniambia kinga ikichemka zaidi ndiyo afya zaidi. Sumu ndogo na kinga iliyochemka, pamoja, zilifanya kile ambacho kila moja peke yake haikukifanya.

Na kwa watu wenyewe wa 2004, wale waliougua walikutwa na hepataitisi B mara nyingi zaidi kuliko majirani zao ambao hawakuugua. Hepataitisi B ni virusi, na sehemu kubwa ya madhara yake kwenye ini hufanywa na kinga ya mwili ikivifuata virusi ndani ya seli. Ini ambalo tayari kuna ugomvi ndani, halafu linaletewa ugali wa sumu. Kwa saratani ya ini ni mbaya zaidi, hivyo viwili vikikutana hatari inazidishwa, haijumlishwi tu.

Hapa ndipo nitawapa wauza kinga haki yao. Kuna kinga moja ya ini ambayo ningeitangaza bila kulipwa: chanjo ya hepataitisi B. Ni tofauti na kuchemsha kinga yote kwa pamoja. Inamwonyesha mlinzi sura ya mwizi mmoja tu. Watoto wa Kenya wameanza kuipata kwenye kliniki kuanzia 2001. Wa rika langu wengi tunayo. Wazazi wetu hawana. Mama yako aliyekuzaa na kukupeleka ukadungwa, yeye mwenyewe hajawahi kupimwa. Kipimo ni cha damu, na kwa mtu mzima chanjo ni mara tatu ndani ya miezi sita. Hakuna mtu amewahi kuitengenezea vidio yenye muziki.

Mwezi uliopita dada mmoja wa upande wa Rombo aliniandikia. Mumewe macho yalikuwa manjano wiki nzima, na alikuwa kwenye chupa ya pili ya ditoksi. Aliyeuza alikuwa amemwambia manjano ni ishara nzuri, ni sumu inatoka. Akaniuliza kama ni ukweli.

Nimelifikiria neno hilo "inatoka" sana. Manjano ya macho ni bilirubini, takataka inayobaki chembe nyekundu za damu zikivunjwa. Ini zima huiondoa kila siku bila kukuambia. Macho yakigeuka manjano maana yake haitoki. Imekwama. Ni kinyume kabisa cha alichoambiwa, na kwa kuamini hivyo mtu amekaa nyumbani wiki nzima akingoja awe mzima. Nilimjibu aende hospitali siku hiyo hiyo na abebe chupa zote mbili awaonyeshe. Alienda, akalazwa. Mengine ni ya familia yake, siyaandiki hapa.

Najua mtakalosema kwenye maoni: hizi ni mimea, si kemikali. Wazee wetu Wamaasai wametia mizizi kwenye supu tangu hapo, hata mimi nimeinywa, na sitamdharau mzee anayejua mti wake, kipimo chake, na nani asipewe. Huyo anajulikana kwa jina na boma. Akikukosea unajua pa kumpata. Sio sawa na unga usiojulikana ulitoka wapi, ulichanganywa na nani, umewekwa kwenye chupa isiyo na orodha ya kilichomo.

Na mmea ni kemikali. Kule Tigray, Ethiopia, kuanzia mwaka 2001 kijiji kimoja kiliingiwa na ugonjwa wa ini ambao haukujulikana, matumbo yanajaa maji, watu wanakufa. Ilichukua miaka watu kuelewa. Ikaonekana ni alkaloidi za magugu yaliyokuwa yakiota shambani na kuchanganyika na nafaka wakati wa mavuno. Hakuna aliyekwenda kiwandani. Ilikuwa shamba lao.

Kwa hivyo mnaponiuliza nifanye nini kulinda ini, jibu langu linawachosha juu halina chupa. Zuia ndovu asiingie. Mambo ya walinzi ndani ya ini hata maprofesa hawajayamaliza, lakini ua tunaujua.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai, sio udongoni. Punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye rangi ya ajabu zichaguliwe zitolewe. Kuchemsha hakumalizi aflatoksini, hata upike ugali mpaka ushike mwiko. Na yale mliyoyatoa msimpe ng'ombe, juu sumu inapita kwenye maziwa, na maziwa ni ya mtoto. Msimpe mtengeneza pombe pia. Mnajua vizuri yale magunia meusi yanakoenda.

Unyevu wa kuhifadhi mahindi usizidi asilimia 13.5. Hatuna kifaa cha kupimia, lakini kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi robo, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, funga, tikisa dakika kama moja, iache itulie dakika 10. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi, rudisha juani. Ikianguka chini yote, yamekaribia kuwa sawa. Ni kipimo cha kukadiria, hakikuambii kama kuvu tayari ilishaingia, lakini ni bure.

Na kuna la serikali ya kaunti, juu kilimo kiko mikononi mwao. Machi 2021 serikali kuu ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii. Baada ya siku chache ikafungua kwa masharti, yawe na cheti cha kuonyesha aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sisi wa Illasit tuliona malori. Sipingi vyeti. Lakini mahindi yaliyoua watu 2004 hayakupita mpaka wowote, mengi yalitoka kwenye ghala za wenye nyumba. Kuvu haina kitambulisho. Mama anayeleta debe mbili sokoni kwa punda hana maabara ya kwenda. Kipima unyevu kimoja kila soko, Loitokitok, Kimana, Illasit, Rombo, na mtu wa kukishika siku ya soko. Nimemwandikia mwakilishi wadi wetu. Jibu likija nitaliweka hapa kama lilivyo, na lisipokuja nitaliweka hilo pia.

Kwa wenzangu wa chupa, swali langu ni moja na naliuliza kwa heshima: kuna nini ndani, na kiasi gani? Niandikie orodha tu. Nitaiweka kwenye ukurasa wangu bila kubadilisha neno.

Siku ya soko ijayo nitakuwa Kimana asubuhi, upande wa wauza nafaka, na chupa yangu na chumvi yangu. Mwenye mahindi anayetaka kujua aje na konzi mbili tatu.